Ukumbi Uliosogezwa

Mwezi wa Mei 2023, mvua zilipokwisha, nilipewa kazi ya kusimamia ujenzi wa ukumbi wa jamii katika kijiji cha Nyabulolo, upande wa Geita, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Kahama. Naitwa Paskalina. Ni mhandisi wa majengo, na kazi yangu hasa si sura ya jengo bali ni kuhakikisha linasimama: msingi ubebe ukuta, ukuta ubebe kenchi, kenchi zibebe bati na kuhimili upepo. Nimezaliwa Kishapu, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba yetu ilikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Kila mwaka baba aliuziba, na kila mwaka ulirudi. Mtu aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo haiamini ardhi kirahisi, na nadhani ndiyo sababu nilisomea kazi hii.

Ukumbi wenyewe uliombwa na kikundi cha akina mama wa Nyabulolo. Kwa miaka mingi walikuwa wakipima watoto uzito chini ya turubai, na mikutano yao wakifanyia kanisani au darasani, wakisubiri wanafunzi watoke. Shirika moja likakubali kuwasaidia, kwa sharti kwamba jengo lisimalize miti iliyobaki. Miti ilikuwa imekwisha kweli. Mingine ilikatwa kwa mkaa, mingine ilishushwa machimboni kuzuia kuta za mashimo. Kwa hiyo hatukuchoma matofali. Tulichukua udongo mwekundu wa pale pale, tukauchanganya na saruji kidogo, tukaushindilia kwa mashine ya mkono, kisha matofali yakakaa kivulini siku ishirini na nane yakimwagiwa maji. Mvua ya paa ingeingia kwenye gata na kushuka katika tangi lililochimbiwa chini. Hewa ingepita kwenye matundu ya juu ya ukuta, wasihitaji feni. Lilikuwa jengo la kawaida, upana mita kumi, urefu mita ishirini na nne, lakini nililipenda kuliko maghorofa niliyowahi kuyafanyia mahesabu mjini.

Fundi mkuu alikuwa Deusdedit Maige, Msukuma wa Kishapu kama mimi, mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mpole, mwenye vidole viwili vilivyopinda katika mkono wa kushoto. Zamani alikuwa mchimbaji. Aliacha machimbo akajifunza uashi, na sasa nusu ya nyumba nzuri za Nyabulolo alikuwa amezijenga yeye. Aliniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama au mwanamke wanayemheshimu, ingawa umri wangu ulikuwa wa binti yake. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na kila asubuhi aliitikia marahaba huku ameshika timazi mkononi.

Kwenye mashine ya matofali aliyeongoza alikuwa Ghati, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Boaz. Alikuwa Mkurya wa Tarime. Alifika Nyabulolo mwaka 2008 akimfuata mumewe, Mwita, aliyekuja kutafuta dhahabu. Mwaka 2011 Mwita aliondoka kwenda kwenye machimbo mapya yaliyokuwa yamegunduliwa huko upande wa Chunya, wachimbaji wakikimbilia huko kwa mamia. Alimwachia Ghati mtoto wa miaka miwili na ujumbe kwamba akipata pa kukaa atamwita. Hakumwita. Hakupiga simu hata mara moja.

Haya alinisimulia mwenyewe siku ya tatu, bila kusimamisha kazi, akivuta mkono wa mashine kwa nguvu za mwanamume. Alisema mambo mengi ya kumhusu Mwita na hakuna hata moja lililokuwa zuri. Ndugu wa mumewe kule Tarime walimwambia kwamba Mwita yuko hai, ana mke mwingine, na kwamba mke aliyeshindwa kumtuliza mume asije kuwalilia. Alitokea mwanamume wa kumwoa, mwalimu, mtu wa maana. Padri akauliza mume wa kwanza yuko wapi. Ghati hakujua, na mwalimu akachoka kungoja. Hakuwa mjane wala hakuwa mke.

Akina mama waliniambia kwamba Fundi Deusdedit ndiye aliyemsaidia miaka yote hiyo. Alimwezekea nyumba, alimlimia shamba kila msimu, na Boaz alipofaulu kwenda sekondari ni yeye aliyempeleka. Wengi walidhani anamtaka. Lakini fundi hakuwahi kumtamkia neno, wala hakuwahi kukaa kwake akanywa hata maji. Alifanya kazi iliyompeleka, akaondoka.

Tatizo lilianza siku ya kuchora msingi. Eneo tulilopewa na kijiji lilikuwa kwenye mwinuko mdogo kati ya shule na barabara. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameniandikia na kutia sahihi kwamba hapo hapakuwahi kuchimbwa shimo lolote la dhahabu. Nilipanga jengo likae sehemu ya juu kabisa, ili maji ya mvua yaliambae, na mgongo wake uelekee jua la mchana. Tukapigilia vigingi, tukafunga kamba, tukamwaga chokaa. Kesho yake nilipofika nilikuta vigingi vya upande wa magharibi vimehama. Nikadhani ni watoto au mbuzi. Tukavirudisha. Siku iliyofuata vilikuwa vimehama tena, vyote kwa pamoja, kwa mita kumi na nne, na pembe zikiwa sawa kabisa. Mbuzi hawezi kupiga pembe mraba.

Nilimuuliza fundi. Hakukana. Alisema ardhi ya upande ule haifai, tusogeze jengo kuelekea barabarani. Nikamuuliza haifai kwa nini, ameona nini. Akasema tu haifai. Nikamweleza kuhusu mteremko, kuhusu maji, kuhusu jua. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akarudia maneno yale yale. Nami, kwa kuwa nilikuwa na haraka na watu walikuwa wanatazama, nilimwambia kwa sauti kwamba ramani ni yangu, na fundi anayehamisha vigingi bila ruhusa hafai kuwa fundi mkuu. Aliinamisha kichwa. Ghati alikuwa amesimama karibu na mashine, naye ndiye aliyenikanya. Alisema, "Injinia, huyu ni baba yako. Usiseme naye hivyo." Mpaka leo nikikumbuka maneno yangu nasikia aibu.

Ila neno la fundi lilinikaa kichwani. Fundi wa miaka mingi akisema ardhi haifai, hata asipotoa sababu, unapima. Nilikuwa na chuma cha kupimia udongo. Kina ncha chini na nyundo ya kilo nane juu. Unainua nyundo, unaiachia, unahesabu mapigo mangapi yanahitajika ili chuma kishuke sentimita kumi. Katika pembe tatu za jengo kilishuka kwa mapigo kumi na tano, kumi na nane, ishirini. Ardhi ya kuaminika. Katika pembe ya kaskazini magharibi tulianza na kumi na mbili. Tulipofika chini kidogo yakawa matano, kisha mawili. Kisha nikawaambia vijana waache kupiga, kwa sababu chuma kilikuwa kinazama chenyewe.

Nikaagiza lichimbwe shimo la majaribio, kwa tahadhari, mchimbaji akiwa amefungwa kamba kiunoni. Fundi Deusdedit hakukaribia. Alikwenda akakaa juu ya matofali, mbali, ametupa mgongo. Udongo uliotoka haukuwa na mpangilio wa udongo uliolala tangu dunia iumbwe. Ulikuwa mchanganyiko wa mawe meupe, kifusi, mfuko wa plastiki, kandambili iliyochanika. Karibu na mita mbili jembe likagonga mti. Yalikuwa magogo mawili yaliyolazwa sambamba na mengine mawili yaliyoyakata, yamechongwa ncha zikaingiliana. Kila mtu wa Nyabulolo anayajua. Wachimbaji huyaita matimba. Ndiyo yanayoshikilia kuta ili shimo lisimeze watu.

Mwenyekiti aliitwa, akatazama, akaapa kwamba alipoandika hakujua. Huenda ni kweli. Yeye alihamia kijijini mwaka 2014. Niliamuru watu wote watoke, nikazungushia kamba eneo zima. Akina mama wakarudi makwao kwa manung'uniko. Ilikuwa kama saa saba mchana. Fundi alikuwa bado amekaa juu ya matofali. Nilimwendea nikakaa pembeni yake, nikamwomba radhi kwa yale niliyomwambia siku ile. Akasema mimi sikukosa kitu. Kisha akaanza kueleza, taratibu, akitazama mikono yake.

Shimo lile lilikuwa la mtu aitwaye Marselino, ambaye alikuwa ameshafariki kwa maradhi miaka sita nyuma. Halikuwa na kibali, na alilificha ndani ya kibanda ili wanakijiji wasilijue. Machi 2011 mvua zilikuwa kubwa, na wachimbaji wanne walikuwa chini, Deusdedit akiwa mmoja wao. Yeye alikuwa anapanda na mzigo wa mawe aliposikia matimba yanalia. Hakueleza zaidi ya hapo, alisema tu yanalia. Akafika juu, vidole vyake viwili vimevunjwa na kamba, na nyuma yake ukuta ukashuka. Chini walibaki watatu: Thobias wa Kibondo, Mzinza mmoja ambaye wenzake hawakuwahi kujua jina lake la kweli, na Mwita.

"Walikuwa hai," akasema. "Walikuwa wanagonga jiwe kwa nyundo. Tuliwasikia."

Walichimba kutwa nzima, yeye na wenzake watano, kwa majembe na kwa mikono, na kila walipochimba kuta ziliendelea kuporomoka na maji kuingia. Marselino alikataza kuita watu wa wilaya kwa sababu ya kile kibali. Siku ya pili wale wa chini waligonga mpaka saa nne asubuhi. Siku ya tatu Marselino alileta lori la kifusi. Lakini tangu siku ile ya pili wote sita walikuwa wamekubaliana waseme kwamba wenzao wamekwenda Chunya. Thobias na yule Mzinza hawakuwa na mtu Nyabulolo. Mwita alikuwa na mke, kwa hiyo alihitajika mtu wa kwenda kumwambia, mtu ambaye mke huyo angemwamini.

Nikamuuliza nani alikwenda. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tukae. Alisema, "Mayu, ni mimi. Ile habari kwamba atamwita akipata pa kukaa, niliitunga njiani ili asilie sana."

Baadaye akaniomba. Alisema wale watano wengine wametawanyika, wawili wamekufa, hakuna anayejua. Nisogeze tu jengo mita kumi na nne, kama alivyokuwa akinisihi. Niandike kwamba udongo ni mbovu. Hilo si uongo, udongo ni mbovu. Ghati ameshazoea. Mtoto amekua. Kuna faida gani?

Nasema ukweli, nilitaka kukubali. Ingekuwa rahisi sana. Sentensi moja katika taarifa, vigingi vinahama, jengo linaendelea, na mvua ya Novemba inatukuta tumeshaezeka. Hata kalamu niliitoa. Lakini nilifikiria mwanamke yule akipita juu ya pale kila siku na ndoo za maji ya kumwagia matofali, akimlaani mtu aliye chini ya miguu yake. Nikamwambia fundi kwamba nitaandika nilichokiona, na taarifa itakwenda wilayani Jumatatu. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikamwambia kwamba Mama Boaz asisikie kutoka kwa polisi wala kutoka kwangu, bali kutoka kwake. Alikubali bila kubishana, kama mtu aliyekuwa amechoka kubeba kitu na sasa ameambiwa mahali pa kukitua. Aliomba jambo moja tu, kwamba niwepo.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa. Ghati alikuwa amekaa kwenye mkeka uani akimenya karanga. Alifurahi kutuona. Alituletea viti viwili, na kwa mzaha akasema leo fundi atakunywa chai yake hata kama ni kwa kulazimishwa. Deusdedit hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti mchangani, mtu mzima yule, na Ghati akaacha karanga mara moja, kwa sababu mwanamume wa umri ule hapigi magoti mbele ya mwanamke bila jambo zito.

Alimwambia yote. Hakujitetea. Kuhusu Marselino alisema machache, kuhusu nafsi yake alisema mengi. Ghati alisikiliza akiwa ameshika punje moja ya karanga kati ya vidole. Deusdedit alipomaliza, Ghati aliiweka ile punje juu ya mkeka.

"Waligonga siku ngapi?" Ghati akauliza.

Fundi angeweza kusema saa moja. Angeweza kusema hawakugonga kabisa, na mimi nisingemsahihisha. Akasema, "Siku nzima na asubuhi yake."

"Na wewe ulikuja hapa kuniambia lini?"

"Jioni ya siku ile ya pili."

Ghati akatikisa kichwa polepole, kama anayepanga mambo. Kisha akasema anakumbuka siku ile. Alikuwa amepika ugali na dagaa, akampa fundi akala. Fundi akasema ndiyo, alikula.

Hapo ndipo uso wa Ghati ulipobadilika. Hakupiga kelele. Aligeukia kwangu, si kwa fundi, akasema, "Nimemtukana miaka kumi na miwili. Kila siku. Mtoto wangu nimemlea kwa kumwambia baba yako ni mbwa." Akarudia mara mbili, kisha akaniuliza lile shimo lina urefu gani kwenda chini. Nilimwambia sijui kwa hakika. Fundi anasema mita ishirini na nane. Akauliza kama huko chini kuna baridi au joto. Nikasema joto. Akasema afadhali, Mwita hakupenda baridi.

Halafu akamwambia Deusdedit atoke kwake. Alilisema kwa adabu, kwa sauti ya kawaida, akimwita Fundi kama siku zote. Deusdedit alinyanyuka kwa shida, magoti yamejaa mchanga, akatoka. Mimi nilibaki. Nilimsaidia kumenya zile karanga zilizobaki kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya, na yeye aliniacha.

Wiki zilizofuata zilikuwa za maafisa. Polisi walikuja, watu wa madini wakaja, kamba yangu ikabadilishwa ikawekwa uzio. Deusdedit alijipeleka kituoni mwenyewe, akaandika maelezo, akakaa ndani siku kumi na moja, kisha akaachiwa kwa dhamana. Kesi yenyewe imekuwa ikiahirishwa mpaka sasa. Mafundi wa uokoaji walijaribu kufungua shimo. Walifika mita tisa. Kuta zikaanza kumeguka, maji yakatoka ubavuni, na mkuu wao akasimamisha kazi. Aliniita kama mhandisi nitoe maoni. Nilitazama nyufa zilizozunguka mdomo wa shimo, nikapima, nikapiga hesabu mara tatu nikitafuta namna ya kusema inawezekana. Haikuwezekana. Kuwatoa watatu waliokufa kungeua wengine. Niliandika hivyo, nikatia sahihi, kisha nikaenda kumweleza Ghati mwenyewe. Alinisikiliza akasema, "Basi wamwache. Amelala na wenzake."

Kaka yake Mwita alifika kutoka Tarime pamoja na wazee wawili. Aliomba msamaha kwa yale waliyomwambia shemeji yao miaka yote. Ghati alinyolewa nywele, akakaa matanga siku saba katika nyumba ile aliyoezekewa na Deusdedit, na Nyabulolo nzima ilikuja, hata yule mwalimu, ambaye sasa ana mke na watoto watatu. Boaz alirudi kutoka shule. Alisimama kando ya uzio muda mrefu akiwa na sare, mikono mifukoni. Sikumwona akilia. Padri alisoma majina mawili, na la tatu akaomba kwa ajili ya ndugu yetu ambaye Mungu anamjua jina. Wazee wakachota udongo kidogo pembeni ya shimo, wakaufunga kwenye kitambaa wakaenda nao.

Kuhusu jengo, nililisogeza mita kumi na nne kuelekea mashariki. Kabla ya kuandika neno lolote nilipima upya, kila baada ya mita mbili, siku nne mfululizo, mpaka vijana wakachoka kuinua nyundo. Nilibadilisha msingi. Badala ya mawe peke yake niliweka mkanda wa zege wenye nondo chini ya kuta zote na mwingine juu ya madirisha, ili ardhi ikisogea upande mmoja, jengo lishikane lisipasuke vipande. Shimo lilijazwa mawe kwa uangalifu, likafunikwa kwa zege nene, na kwenye ramani nikaandika kwamba hapo pasijengwe kitu chochote milele. Sijawahi kuandika neno milele kwenye ramani nyingine.

Deusdedit alikuja mara moja, mwezi wa Agosti, akiwa na mfuko wake wa vifaa. Alisimama barabarani, hakuingia. Alitaka kujua kama anaweza kufanya kazi, hata ya kubeba maji. Akina mama walimtazama Ghati, aliyekuwa ameanza kurudi kwenye mashine, kitambaa cheusi kichwani. Ghati alisema yeye hamzuii mtu kufanya kazi, ila fundi akiingia yeye atatoka. Hakulisema kwa hasira. Deusdedit alisikia, akainua mkono kutuaga, akaondoka. Kuta zilipandishwa na vijana aliowafundisha yeye, na zilipandishwa vizuri. Nilipitisha timazi kila kona sikupata kosa.

Ukumbi ulifunguliwa Februari. Ghati alikuwepo, akafagia, akapanga viti, na hotuba zilipoanza akaenda kukaa nje kwenye baraza. Nilimfuata. Alinieleza kwamba Boaz anapokuja likizo humuuliza habari za baba yake. Alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anaongeaje, alipenda chakula gani. Na yeye hutafuta kichwani hakuti kitu. Miaka kumi na miwili alikuwa amefanya kazi ya kuyatoa mema ya Mwita moja baada ya jingine, kwa sababu yaliuma, na sasa anayatafuta hayapo. Alikumbuka lile la baridi. Alikumbuka kwamba alikuwa akivua viatu kabla ya kuingia ndani. Basi.

Mwaka mmoja baada ya ufunguzi nilirudi kufanya ukaguzi wa mwisho, kama mkataba unavyotaka. Siku mbili kabla ya safari hiyo Deusdedit alinipigia simu. Alikuwa amehamia kwao, kijiji kimoja karibu na Mhunze, Kishapu, anajenga mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Sauti yake ilikuwa imezeeka. Aliniuliza kuhusu kenchi, kama zimetulia, na kuhusu gata za upande wa shule. Kisha akaniomba nimfikishie Mama Boaz salamu. Aliniambia maneno ya kusema, nami niliyaandika ili nisiyakosee: kwamba haombi asamehewe, anaomba tu ajue kuwa haipiti siku bila yeye kuwataja wote watatu, hata yule asiyemjua jina.

Nilifika Nyabulolo. Watoto walikuwa wakipimwa uzito ndani, tangi lilikuwa limejaa, na ukutani nilikuta ufa mmoja mwembamba kama unywele, usio na madhara. Nilimkuta Ghati stoo akihesabu matofali waliyokuwa wamefyatua kwa ajili ya nyumba ya walimu wa shule. Nilimpa ujumbe kama nilivyouandika, neno kwa neno. Alisimama, akafuta mikono kwenye kanga.

"Mwambie nimesikia," akasema, akarudi kwenye kuhesabu.

Nilimpigia Deusdedit nikiwa bado Nyabulolo, kando ya gari. Nilimwambia. Nilisikia ng'ombe huko aliko, na mtu akiwaswaga. Akaniuliza kama Mama Boaz alisema neno lingine zaidi ya hilo.

Nikamwambia hapana.

"Haya, mayu," akasema. "Asante." Akakata simu.